Nesi na Magari ya Inchi Saba

Hapa Same manesi ni wengi, wa serikali na wa misheni, wazee kwa vijana, lakini ukisema Nesi tu bila kuongeza neno, watu wanajua unamsema nani. Alistaafu zamani, sare akairudisha, cheo kikabaki. Hata mchungaji akisoma zamu za usafi wa kanisa humtaja hivyo hivyo. Mimi nimemfahamu kwa miaka kumi na mitano, tangu nilipofungua studio yangu ya picha karibu na stendi, na sijawahi kumwita kwa jina lake. Sidhani kama angeitika.

Siku ya kwanza alipoingia studio nilidhani anataka picha ya kitambulisho, nikamwonyesha kiti. Hakukaa. Alinipa simu yake akaniomba nimchapie picha moja kubwa. Ilikuwa picha ya gari la zamani la milango minne, jeupe, lenye namba kubwa nyeusi mlangoni na taa nne za ziada mbele, linapiga kona kwenye barabara ya udongo mwekundu. Vumbi lilikuwa limenyanyuka nyuma yake, na milima yetu ya Upare imesimama kwa mbali, ya bluu. Nikamuuliza gari ni la nani. Akasema ni lake. Nikamtazama, bibi wa kitenge na viatu vya mpira, nikamuuliza tena kama kweli ni lake. Ndipo akafungua mkoba wake mweusi, ule aliokuwa akibebea vifaa vya kuzalishia, akatoa gari lenyewe akaliweka juu ya kaunta yangu. Lilikuwa na urefu wa inchi saba.

Baadaye nilijua kwamba hiyo ilikuwa kanuni yake. Mtu akiuliza mara ya kwanza, alisema, mwache afurahi. Akiuliza mara ya pili, mwambie kweli.

Magari aliyokuwa akijenga yalikuwa ya aina moja tu: yale ya mashindano yaliyokuwa yakipita barabara yetu zamani, enzi ya vumbi, kabla ya lami hii. Hayakuwa magari ya ajabu. Yalikuwa magari ya watu ya kwendea kazini, ila yalivuliwa viti vya nyuma, yakatiwa vyuma ndani na namba ubavuni, yakaambiwa haya, kimbieni. Nesi alikuwa bado mwanafunzi wa unesi alipopangwa siku moja kukaa na sanduku la huduma ya kwanza kwenye kona mojawapo, nje kidogo ya mji. Hakuna aliyeumia siku hiyo. Yeye alikaa juu ya sanduku lake tangu alfajiri mpaka jua likawa kali, na magari yakampita moja baada ya jingine, kila moja kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tatu. La mwisho kabisa lilikuwa jeupe, bovu, linatoa moshi, limeachwa na wenzake kwa saa nzima, na dereva wake alimpungia mkono.

"Yale mengine sikuyaona vizuri, yalikuwa na haraka," aliniambia. "Lile ndilo nililoliona."

Alilijenga gari lile si chini ya mara sita.

Vifaa vyake vilitoka popote alipopita. Bodi alichonga kwa mti wa mgrevilea, maana ni laini na haupasuki ovyo, kisha akauvika bati la makopo ya maziwa ya unga alilolikata kwa mkasi wa hospitali. Matairi alitoboa kwenye soli za kandambili. Vioo vya madirisha vilikuwa filamu za eksirei za zamani, alizoziloweka kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe mpaka mifupa ya watu ikatoka, ikabaki plastiki angavu. Mipira ya dripu ikawa mabomba ya moshi. Rangi alinunua kwa wauza vipodozi sokoni, ile ya kucha, na wasichana wa pale waliokuwa hawamjui walikuwa wakimwangalia vidole kwa kificho.

Kipimo chake kilikuwa kimoja: futi mbili za gari la kweli ni inchi moja mezani kwake. Hakubahatisha. Kukiwa na gari la zamani limekufa kwenye gereji yoyote hapa mjini, alikwenda kulipima kwa utepe uleule aliopimia vichwa vya watoto wachanga, akiandika kwenye daftari. Mafundi walimzoea. Wengi wao aliwapokea yeye duniani, kwa hiyo hata akilala chini ya gari na kitenge chake, walichofanya ni kumtandikia boksi.

Mimi nilikuwa naona upuuzi ule usahihi wote. Siku moja nilimwambia kwamba nusu ya inchi hakuna atakayeiona. Akanijibu kwa sauti ya wodini: "Mwanangu, nusu ya inchi ni futi nzima. Futi nzima utakosaje kuiona?"

Na bado mtu huyuhuyu hakuvumilia kupanda gari. Hilo lilikuwa jambo la kuchekesha watu mpaka wakazoea. Akipanda basi kwenda Myamba, kwenye shamba lake la tangawizi, alikaa mbele kabisa, ameshika ndimu puani, macho kayafumba tangu stendi mpaka basi lizimwe. Kona za mlimani zilimtapisha. Alikuwa amepanda barabara ile maisha yake yote na hajawahi kuiona. Usukani hakuushika hata siku moja. Kijana mmoja fundi alijitolea kumfundisha, akamjibu kwamba magari anayapenda yakiwa yamesimama.

Kwa hiyo picha ndizo zilizoyafanya yaende. Alfajiri za Jumamosi tulikuwa tunatoka mjini kwa miguu, yeye na mimi, tunashika upande wa nyika ambako udongo ni mwekundu na ukigeuka unaiona milima yote. Alibeba ubao mpana kama sinia kubwa, pakiti ya udongo aliouchekecha kwa chujio la chai, na gari likiwa limefungwa kwenye kanga. Udongo lazima uchekechwe, alinifundisha, kwa sababu punje moja ya mchanga mbele ya gari la inchi saba inaonekana jiwe la kuvunja ekseli. Ubao aliuweka juu ya mawe, akamwaga udongo, akachora njia za matairi kwa kijiti, kisha akalala kifudifudi. Simu aliigeuza juu chini, ili jicho la kamera liwe karibu kabisa na ardhi. Kazi yangu ilikuwa vumbi. Nilichanganya unga wa muhogo na ule udongo, nikaupuliza kwa mpira wa dripu aliponiashiria kwa mguu. Nikipuliza mapema, mguu ulinipiga teke.

Asubuhi moja Mmasai mmoja aliyekuwa na ng'ombe wake alituona kwa mbali, bibi kalala chini na mwanamke kainama juu yake, akaja mbio akijua kuna mtu kaanguka. Alipofika akauliza kama bibi yuko hai.

Nesi hakuinua kichwa. "Niko hai. Ondoka kwenye jua, unaniletea kivuli."

Yule bwana akasogea. Akatazama gari, akatazama milima, akatazama simu. Kisha akaiweka fimbo yake pembeni, akajilaza chini kandokando ya Nesi, akaangalia kwa usawa wa macho yake. Akacheka peke yake kwa muda mrefu. Alipoinuka alisema kwamba kutoka pale chini gari linakuja kweli, na akakaa nasi mpaka ng'ombe walipoanza kutawanyika.

Nilizibandika picha zile ukutani studio. Kosa langu ni kwamba sikuishia hapo. Nilikuwa na ukurasa wa biashara mtandaoni, na siku moja niliweka ile ya gari jeupe, nikaandika maneno mawili tu: Same, asubuhi. Watu wakasifu gari, wakauliza liko wapi, nami sikujibu. Nilifurahia. Nilikuwa nimeshika nusu ya kwanza ya kanuni ya Nesi, nusu ya pili nikaisahau.

Miezi kadhaa ikapita. Kisha mchana mmoja wakaingia askari wawili, na nyuma yao mzee mmoja mrefu, kavaa kanzu na kofia, mkononi ana begi la safari. Mzee alipouona ukuta wangu alinyoosha kidole. Alikuwa amesafiri kutoka Tanga. Dalali mmoja, mtu asiyemjua, alimtumia picha ile kwa simu akamwambia gari linauzwa, limefichwa kwenye banda Same, na mwenye nalo ni mjane asiyejua thamani yake. Mzee akatuma malipo ya awali. Alipofika stendi, simu ya dalali ikawa haipatikani, akaenda polisi, na askari mmoja akaitambua picha kuwa ya ukutani kwangu.

Kituoni, afande aliyekuwa zamu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliniuliza swali moja: gari liko wapi? Nikasema liko kabatini. Akaweka kalamu chini, akaniambia yeye hataniwi. Nikasema tena, afande, liko kabatini, kwa mama mmoja mstaafu. Nilijua sikumwibia mtu, lakini picha ilitoka kwangu, maneno niliandika mimi, na mbele yangu ameketi mzee wa watu aliyeamkia kwenye basi kwa sababu yangu. Hofu kubwa zaidi ilikuwa Nesi. Mtu aliyeishi miaka yote ile bila kupita mlango wa polisi, sasa aitwe kwa utapeli.

Alikuja kwa miguu, na mkoba wake mweusi. Alisalimia watu wote kwa zamu, akaelezwa, akasikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza mgonjwa. Kisha akalitoa gari akaliweka juu ya meza ya afande, katikati ya mafaili.

Afande aliinama mpaka kidevu kikakaribia meza. Yule mzee wa Tanga alisimama, akavaa miwani, akaketi tena. Nilidhani atalia au atanitukana. Alilishika gari kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika yai, akaligeuza upande wa kulia.

"Hapa umekosea," alimwambia Nesi.

Nesi akamuuliza amekosea wapi.

"Tangi la mafuta. Kifuniko chake kilikuwa upande huu, karibu na taa. Na mlango huu wa nyuma ulikuwa umebonyea, tulikosa muda wa kuunyoosha. Mimi nilikuwa fundi wa gari hili."

Aliyasema hayo polepole, bila majivuno. Alikuwa kijana wa gereji, waliliandaa wao, na lilipopita hapa Same lilikuwa limeshaharibika na yeye yuko ndani, kiti cha pili, anaombea lifike. Kwa miaka yote alikuwa akiliulizia. Alipoona picha aliamini limepatikana.

Nesi alikuwa ameketi kwenye kona ile upande mmoja wa barabara. Upande wa kushoto wa gari aliuona likipita polepole, na upande wa kulia hakuwahi kuuona, aliukisia. Ndiyo maana, na mimi nilikuwa sijagundua, kila picha aliyopiga ilikuwa ya kushoto. Pale pale kituoni alitoa daftari na ule utepe, akamwomba mzee amweleze: kifuniko kiko umbali gani kutoka kwenye taa, mbonyeo una upana gani, mlango ulifungwa kwa kitu gani. Huku akiandika alisimulia ile kona na dereva aliyempungia, na afande alisubiri. Kisha naye akauliza swali lake: huyo dereva aliyepunga mkono, alimwona Nesi kweli? Mzee akasema hakuwa dereva. Dereva mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Aliyepunga alikuwa yeye.

Nesi akafunga daftari. Kisha alimuuliza mzee kama amekula.

Walikula makande nyumbani kwake, na maelezo yetu yakaandikwa kesho yake kwa utulivu. Afande aliniambia niandike chini ya kila picha kuwa ni gari la kuchonga, nami nikaandika jioni ileile. Dalali alikamatwa baadaye mji mwingine kwa hila kama hiyo, mzee akarudishiwa chake. Siku mzee aliyonipigia kunijulisha nilifunga studio mapema, nikaenda nyumbani nikalala usingizi wa mchana, wa kwanza kwa wiki nyingi.

Gari la saba, lenye pande zote mbili, Nesi alilianza mwezi uleule. Hilo ndilo lililonionyesha kuwa macho yake yanaondoka.

Lilipofika studio, tukiwa njiani kwenda kulipiga picha, halikuwa jeupe. Alikuwa amechukua chupa ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai akidhani ni nyeupe, na namba ya mlangoni, iliyopaswa kuwa nyeusi, ilikuwa ya zambarau. Aliniuliza ninalionaje. Nikasema zuri. Alikuwa amelifanyia kazi miezi minne, mbonyeo ule aliupiga kwa kichwa cha msumari mara nyingi mpaka ukakaa sawa, na sikupata moyo wa kumwambia. Nilipochapa picha nikairekebisha rangi kwenye kompyuta. Nyeupe ikawa nyeupe, nyeusi ikawa nyeusi. Alipoishika karibu na pua yake alitabasamu.

Nikafanya hivyo kwa miaka miwili. Yakaja matatu mengine, moja lililopaswa kuwa la bluu likawa kama kahawa, na kila mara niliyatengeneza kwa kompyuta na kunyamaza. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alilijua hilo kuliko mimi; alikuwa amewaandikia wagonjwa wa namna hiyo barua za kwenda hospitali ya macho miaka na miaka, akiwaambia ni jambo dogo, wanarudi wanaona. Yeye mwenyewe kisu hakukitaka. Nikimgusia aliniuliza kama nimeanza kazi ya udaktari.

Kilichomshinda ni joho la kwaya. Jumapili moja alilikuta limening'inizwa mlangoni mwa sakristia, akalisalimia "Bwana asifiwe", akasubiri jibu, akalisalimia mara ya pili kwa ukali. Wanakwaya walikuwa nyuma yake. Yeye ndiye aliyecheka wa kwanza, na Jumatatu akapanda basi la Moshi, ndimu mkononi.

Siku zile nilikaa vibaya. Niliomba aone, na niliogopa atakayoyaona. Mwanawe, aliyempokea huko, aliponipigia kusema kila kitu kimekwenda salama nilishukuru kwa sauti mbele ya wateja, kisha nikageuka nikautazama ukuta wangu.

Alikuja wiki ya nne, asubuhi, peke yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku anaangalia juu ya kichwa changu. Akaniomba nishushe picha ya gari la saba. Akalitoa gari lenyewe mkobani, akaviweka sambamba kwenye kaunta, akavitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Hili limepakwa rangi gani?" aliniuliza, kidole juu ya gari.

"Ya chai ya maziwa, Nesi."

"Na hili la kwenye picha?"

"Jeupe. Nilipaka mimi, kwa kompyuta. Na yale matatu mengine pia."

Akauliza ni nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Nikamwambia nilishindwa kumvunja moyo, nikaongeza na mengine ambayo siyakumbuki, na yeye akaniacha nimalize.

"Ungeniambia, labda ningekwenda Moshi mapema," alisema. "Au labda ningeacha kujenga. Sijui, mwanangu. Kweli sijui." Kisha akauliza kama zile za awali, kabla sijazigusa, nilizifuta.

Sikuwa nimezifuta. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta nikazifungua moja moja. Aliziangalia bila miwani, uso umekaribia kioo kisha ukarudi nyuma, akijaribu umbali wa macho mapya. Alipofika kwenye lile la kahawa, pembeni yake mlima wa bluu kabisa, mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akatafuta kitambaa, akakumbuka kwamba hospitali walimkataza kujifuta macho, akaacha machozi yashuke tu mpaka kidevuni. Mimi nilikuwa nalia kwa sababu yangu nyingine, lakini tukawa tumefanana.

Aliniambia nizichape zote nne kama zilivyo. Zile nilizorekebisha nizibakize ukutani, ila niandike jina langu, maana ndizo kazi yangu. Hizi za chai na zambarau ni zake, na atazipeleka Myamba azitundike sebuleni. Gari hatalipaka upya. Nikamuuliza kama amenisamehe, akasema nizichape kwanza, tusipoteze asubuhi.

Nilipotaka kumvusha barabara, kama nilivyozoea kwa ile miaka miwili, alikataa mkono wangu. Alisimama ukingoni mwa lami na bahasha yake kwapani. Lori la mizigo la kwenda Dar lilikuwa linapita kwa kasi, limeandikwa maneno nyuma, herufi ndogo na vumbi juu yake. Nesi akageuza kichwa kulifuata, na kabla halijatokomea akayasoma kwa sauti, neno kwa neno, ili niyasikie kule mlangoni: "Mama kasema nirudi."

Kisha akaangalia kushoto na kulia, akavuka.